Jinsi ya kumchunguza mbunge wa Bunge la Ulaya: kura zake, ripoti zake na watu anaokutana nao

Kila Kivu ikichafuka, au kila wakulima wa kahawa wakiambiwa kuna sheria mpya imetoka Ulaya, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp inaanza kuzunguka klipu ya mbunge fulani wa Bunge la Ulaya kasimama anaongea kwa uchungu, watu wanamwagia sifa, "huyu ndo mtu wetu", au wanamtukana mpaka basi, na kwenye grupu zima hakuna hata mmoja aliyeenda kuangalia huyo mtu siku ya kura alibonyeza kitufe gani. Mi inaniuma sana hii, kwa sababu taarifa karibu zote ziko wazi, bure, hulipii hata senti, na sisi tulio huku Ulaya wengine tuna haki ya kupiga kura kabisa lakini tunachagua kwa klipu. Kwaiyo nimeandika hapa njia ninayoifuata mwenyewe, hatua kwa hatua. Ukiwa na laptopu ni rahisi zaidi ila hata simu inatosha.

Hatua ya 1: Mpate mtu mwenyewe

Nenda europarl.europa.eu, sehemu ya wabunge, andika jina. Bunge hili lina wabunge 720 kutoka nchi 27, walichaguliwa Juni 2024 na wanakaa mpaka 2029. Tovuti iko kwa lugha 24, Kiswahili hakimo, kwaiyo chagua Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au yoyote unayoimudu. Wabunge wa zamani nao wamo, kuna sehemu ya kuchagua awamu, na hii watu wengi hawaijui: mbunge aliyekaa vipindi vitatu ana ukurasa kwa kila kipindi, ukiangalia cha sasa tu unaona miaka miwili mitatu ya kazi yake na unafikiri ndo yote.

Ukishampata andika pembeni vitu vitatu: nchi yake, kundi lake la kisiasa ndani ya bunge (sio chama cha nyumbani tu, maana kura nyingi zinafuata kundi), na kamati anazokaa. Kwa mambo yanayotugusa sisi kamati za kuangalia ni ya maendeleo, ya biashara ya kimataifa, ya mambo ya nje, ya uvuvi, na ile ya haki za raia inayoshughulika na mambo ya hifadhi na uhamiaji. Mbunge anayejiita rafiki wa Afrika na hayupo kwenye hata moja kati ya hizo sio lazima awe muongo, ila ujue hapo mikono yake haifiki mbali.

Hatua ya 2: Anza na kura, hotuba baadaye

Bunge la Ulaya lina namna mbili kuu za kupiga kura. Kuna ya kunyoosha mkono, ambapo mwenyekiti anaangalia ukumbi anasema imepita, haiandikwi nani alikuwa wapi, na hiyo hutaipata kwa jina popote hata ukeshe. Alafu kuna kura ya majina, wanabonyeza kitufe na kila jina linaandikwa: ndio, hapana, au hakuegemea upande. Kura ya mwisho ya sheria lazima iwe ya majina. Nyingine zinakuwa za majina kundi la kisiasa likiomba, na makundi yanaomba sana kwa sababu kila mmoja anataka mwenzake aonekane alichofanya.

Matokeo yanawekwa kama kiambatisho cha kumbukumbu za kikao, faili refu la kurasa mamia, majina yamepangwa kwa makundi. Rahisi zaidi ni kwenda howtheyvote.eu, ni mradi huru, unaandika mada, mfano Kongo au misitu, unapata kura na chini yake kila mbunge alipiga nini. Ila kama unataka kumshika mtu kwa ushahidi, rudi kwenye faili rasmi la bunge uhakikishe. Kwenye faili hilohilo angalia mwishoni kabisa, kuna orodha ya masahihisho: mbunge anaweza kusema baadae "nilikosea, nilitaka kupiga hapana". Inaandikwa, lakini matokeo ya kura hayabadiliki. Mbunge anayesahihisha mara moja moja ni kawaida, kura ni mamia kwa siku moja na zinaenda kasi. Anayesahihisha kila mara kelele zikishaanza nyumbani, huyo mfuatilie.

Tuchukue mfano wa kweli. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda makubaliano ya madini. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23, ambao Rwanda inadaiwa kuwasaidia, wakaingia Goma, Kongo. Tarehe 13 Februari 2025 bunge likapitisha azimio la kutaka, pamoja na mengine, yale makubaliano yasimamishwe, kura 443 za ndio, 4 za hapana, 48 hawakuegemea. Watu wengi walishangilia zile 443 wakaishia hapo. Sasa jumlisha: zinafika 495, na bunge lina viti 720. Yaani zaidi ya wabunge 200 hawakupiga kura kabisa, siku ya Alhamisi Strasbourg, siku ambayo wengi wanakuwa washaanza kuondoka kurudi makwao. Hapo ndo pa kumtafuta mbunge wako: je alikuwa kwenye wale 443, au alikuwa kwenye wale ambao hawakuonekana alafu jioni akaposti kwamba amesikitishwa na yanayotokea Kongo?

Ila tuwe waadilifu. Kutokuwepo kunaweza kuwa ugonjwa, msiba, safari ya kikazi ya bunge, na mama aliyejifungua hana wa kumpigia kura kwa niaba yake. Kwaiyo usimhukumu kwa siku moja. Angalia kama siku hiyohiyo alipiga kura nyingine: orodha ya waliohudhuria nayo inawekwa wazi na kumbukumbu za kikao. Akiwa amesaini yupo, kapiga kura ya saa sita na dakika tano alafu hayupo kwenye ya saa sita na dakika kumi, kisha karudi, hapo una swali la maana la kumuuliza.

Hatua ya 3: Jua hicho ulichokikuta kina uzito gani

Kila faili la bunge lina namba, mwaka kisha namba kisha herufi tatu kwenye mabano, na zile herufi ndo muhimu. COD ni sheria, bunge linaitunga pamoja na serikali za nchi wanachama, ina meno. NLE mara nyingi ni mikataba, bunge linasema ndio au hapana bila kubadilisha hata nukta, kama mkataba wa kiuchumi na Kenya uliopitishwa Februari 2024. RSP ni azimio: msimamo wa bunge, halimlazimishi mtu yeyote. Azimio la Kongo nililosema ni RSP, la bomba la mafuta la Uganda na Tanzania la Septemba 2022 ni RSP, la 8 Mei 2025 kuhusu Tundu Lissu ni RSP.

Sisemi maazimio hayana maana, yanaumiza serikali ndo maana balozi zinahangaika nayo, lakini mbunge aliyepiga ndio kwenye maazimio kumi na kwenye COD moja inayogusa pesa akapiga hapana, mimi nachukua ile COD.

Historia nzima ya faili unaipata kwenye sehemu ya tovuti ya bunge inayoitwa OEIL. Weka namba, utaona nani alipewa ripoti, kamati gani zilihusika, lini walipiga kura, na makaratasi yote.

Hatua ya 4: Soma marekebisho, huko ndo kwenye nyama

Hii hatua ni ya kuchosha na ndo maana wabunge wanajua watu hawaifanyi.

Chukua sheria ya ukataji misitu, namba yake 2021/0366(COD), ile inayosema kahawa, kakao, mbao, mawese, mpira, soya na ng'ombe haviingii soko la Ulaya kama vimetoka kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na lazima zitolewe namba za setelaiti (GPS) zinazoonyesha shamba lenyewe lilipo. Mkulima wa Mbozi au Masaka au Bugisu mwenye nusu eka anaijua sheria hii kuliko Wazungu wengi. Ilipita 19 Aprili 2023 kwa kura 552 za ndio, 44 za hapana, 43 hawakuegemea. Ukiishia hapo wabunge karibu wote ni watetezi wa misitu.

Mwaka mmoja na nusu baadae Kamisheni ya Ulaya, chombo kinachopendekeza sheria, ikapendekeza utekelezaji uahirishwe kwa mwaka mmoja, kwa sababu nchi nyingi na wafanyabiashara walisema hawako tayari. Pendekezo hilo likaja bungeni, na sasa 14 Novemba 2024 yakaingizwa marekebisho yaliyotoka kundi kubwa la EPP (mrengo wa kati-kulia), ya kuongeza daraja jipya la nchi "zisizo na hatari", ambazo zingepata masharti mepesi sana. Yakapita, na faili zima likapita kwa kura 371 dhidi ya 240, 30 hawakuegemea. Mazungumzo na serikali za nchi yakaliondoa lile daraja, na 17 Desemba 2024 bunge likapitisha ahirisho tupu kwa kura 546 dhidi ya 97, 7 hawakuegemea. Na 2025 ikasogezwa tena mbele.

Sasa mbunge yuleyule anaweza kusimama mbele yako akasema "nilipiga kura kulinda misitu", ni kweli, Aprili 2023. Anaweza akasema "nilimpigania mkulima mdogo wa Afrika apate muda wa kujiandaa", inawezekana ni kweli, Desemba 2024. Lakini kura inayoonyesha alitaka nini hasa ni zile za marekebisho ya 14 Novemba, moja moja, kwa sababu muda wa kujiandaa ni kitu kimoja na daraja la kuzitoa nchi nzima kwenye ukaguzi ni kitu kingine kabisa. Mimi nikimchunguza mbunge naanzia hapohapo kwenye marekebisho, kura ya mwisho naiangalia baadae.

Jinsi ya kufanya: kwenye faili la matokeo kila rekebisho lina namba. Fungua pembeni karatasi la marekebisho lenye namba hizohizo, soma maneno, alafu ndo uangalie jina. Na kuwa makini, wakati mwingine sentensi moja inapigiwa kura vipandevipande, kipande cha kwanza ndio, cha pili hapana, kwaiyo usichukue kipande ukasema ndo msimamo wake wote.

Hatua ya 5: Angalia alibeba ripoti zipi

Kila sheria inapewa mbunge mmoja anayeiongoza, na kila kundi jingine linaweka wa kwake wa kumfuatilia kwa karibu. Hawa ndo wanaokaa vyumbani wanakubaliana maneno. Ile ya misitu ilibebwa na Christophe Hansen wa Luxembourg, ambaye tangu Desemba 2024 ni kamishna wa kilimo, na ile ya wajibu wa makampuni makubwa kuhusu haki za binadamu na mazingira kwenye mnyororo wao wa bidhaa, 2022/0051(COD), ilibebwa na Lara Wolters wa Uholanzi, ikapita 24 Aprili 2024 kwa 374 dhidi ya 235.

Kwenye ukurasa wa mbunge ripoti hizi zimeorodheshwa. Mbunge mwenye ripoti mbili nzito amefanya kazi kubwa kuliko mwenye hotuba mia nne. Na kama alikuwa anafuatilia kwa niaba ya kundi lake, fungua ripoti ya kamati, mwishoni kuna kura ya mwisho ya kamati kwa majina.

Hatua ya 6: Hotuba na maswali, soma, usihesabu

Hansadi ipo, neno kwa neno, kwa lugha aliyoongea, na video pembeni. Itumie kupima mtu na muda. Mfano mkubwa ni Eva Kaili wa Ugiriki, aliyekuwa mmoja wa makamu wa rais wa bunge. Tarehe 21 Novemba 2022 alisimama kuisifia Qatar kuhusu haki za wafanyakazi, iko kwenye hansadi mpaka leo. Wiki tatu hazijaisha, 9 Desemba, polisi wa Ubelgiji wakamkamata kwenye uchunguzi wa rushwa inayodaiwa kutoka nje, na 13 Desemba bunge likamvua umakamu kwa kura 625 dhidi ya 1. Yeye amekana tuhuma zote, na hotuba peke yake sio ushahidi wa kosa. Nachosema ni kwamba hotuba inabaki, na ukiiweka pembeni ya tarehe za safari na mikutano unaona picha ambayo siku ile hakuna aliyeiona.

Maelezo ya kura ya maandishi, yale ya mistari mitatu, usiyahesabu kabisa. Ofisi inaweza kuyatoa mengi kwa wiki na hayana athari yoyote. Maswali ya maandishi kwa Kamisheni yana maana zaidi kwa sababu yanalazimisha majibu, kawaida ndani ya wiki sita, na yale ya haraka wiki tatu, na mbunge ana kikomo cha maswali 20 kwa miezi mitatu. Soma swali na jibu. Swali zuri linauliza kiasi, tarehe, nani kaamua.

Hatua ya 7: Nani aliingia ofisini kwake

Baada ya lile sakata la Kaili na Qatar bunge lilibadilisha kanuni Septemba 2023, zikaanza kutumika Novemba. Kabla ya hapo waliolazimika kutangaza mikutano na washawishi (lobbyists) walikuwa wenye kubeba ripoti, wafuatiliaji na wenyeviti wa kamati. Sasa ni wabunge wote, na wasaidizi wao, na sio washawishi wa makampuni na mashirika tu, hata wawakilishi wa serikali za nje, balozi zikiwemo, pale mkutano unapohusu kazi ya bunge. Hii ya balozi kwetu ni kubwa jamani. Azimio la Kongo likija, unaweza kuangalia mbunge alikutana na ubalozi gani wiki moja kabla.

Kwenye ukurasa wake kuna sehemu ya mikutano: tarehe, mahali, nani, kuhusu nini. Fanya hivi. Chukua faili moja tu, usichukue yote. Andika tarehe za kamati na za kikao. Alafu orodhesha mikutano ya miezi mitatu kabla. Kila jina la shirika lipeleke kwenye Daftari la Uwazi la Umoja wa Ulaya, lenye mashirika zaidi ya 12,000, uone linatumia pesa ngapi kwa mwaka kwenye ushawishi, linamwakilisha nani, watu wangapi wana kitambulisho cha kuingia bungeni. Lobbyfacts.eu inakurahisishia kuona miaka iliyopita, na Integrity Watch ya Transparency International inakupa mikutano ya wabunge wote kwa pamoja ukalinganishe.

Ukikuta ukurasa mtupu, mbunge wa miaka miwili hana mkutano hata mmoja na anakaa kamati ya biashara, huo utupu nao ni taarifa. Na mwenye mikutano 300 asionekane mbaya kwa sababu tu ametangaza, mara nyingi huyo ndo mkweli. Angalia mchanganyiko: kama kwenye sheria ya kahawa kakutana na wachomaji na wasafirishaji kumi, na chama cha wakulima sifuri, umeshajua sikio lake liko wapi.

Hatua ya 8: Matamko ya maslahi

Ni PDF, zipo chini ya sehemu ya matamko, wengine wamejaza kwa lugha zao kwaiyo jiandae kutafsiri. Ndani yake kuna kazi za miaka mitatu kabla ya ubunge, bodi anazokaa, hisa zinazoweza kuleta mgongano wa maslahi, na kazi za pembeni zikizidi jumla ya euro 5,000 kwa mwaka. Usisome la mwisho tu. Fungua yote kwa tarehe, weka la zamani na jipya sambamba, uone kilichoongezeka na kilichopotea.

Pembeni kuna matamko ya safari: mbunge akilipiwa tiketi au hoteli na mtu mwingine kwenda kwenye tukio anatakiwa aandike nani alilipa. Ukiona picha zake Kigali, Doha au Nairobi, njoo hapa. Kama bunge lenyewe lilimtuma hutakuta kitu, ni sawa.

Tamko la mali zake lipo pia siku hizi, mwanzo na mwisho wa kipindi, lakini hilo umma hauruhusiwi kuliona. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa na nalisema wazi.

Hatua ya 9: Pesa, utafika ukutani

Mshahara unajulikana, zaidi ya euro 10,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Posho ya siku ilikuwa euro 350 mwaka 2024, na inakatwa nusu kama siku ya kura amekosa zaidi ya nusu ya kura za majina. Ila lile fungu la ofisi, euro 4,950 kwa mwezi mwaka 2024, halidaiwi risiti. Waandishi wa habari wa nchi mbalimbali walienda mahakamani kudai nyaraka za matumizi ya wabunge, na Septemba 2018 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya (General Court) ikawakatalia. Wapo wabunge wanaoweka matumizi hayo kwenye tovuti zao kwa hiari. Tafuta kama wako anafanya hivyo, na kama hafanyi, muulize kwa nini.

Hatua ya 10: Andika

Barua pepe yake iko kwenye ukurasa. Andika fupi, swali moja, na namba ya faili, tarehe ya kura na namba ya rekebisho. Usiandike "kwa nini unaichukia Afrika", andika "tarehe 14 Novemba 2024 ulipiga ndio kwenye rekebisho namba fulani, naomba sababu". Kama unaishi kwenye jimbo lake liseme hilo mwanzoni kabisa, ofisi zinalitazama.

Ukitaka nyaraka ambazo hazipo mtandaoni, raia wa Umoja wa Ulaya au mtu yeyote anayeishi kihalali ndani yake, pasi ya Tanzania na kibali cha makazi cha Ujerumani inatosha, ana haki ya kuziomba kwa kanuni namba 1049 ya 2001. Unaweza kupitia asktheeu.org, ombi na majibu yanaonekana na kila mtu. Wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 15 za kazi. Wakikataa, una siku 15 za kazi kuomba waliangalie upya, na wakikataa tena unaenda kwa Ombudsman wa Ulaya, anayepokea malalamiko dhidi ya taasisi za Umoja, ambaye hatozi chochote na fomu yake inajazwa mtandaoni. Tunza tarehe na skrinshoti za kila kitu kuanzia siku ya kwanza, maana Ombudsman ataanza kwa kukuuliza uliwaandikia lini na walikujibu nini.